Mbio za Watu Wenye Adabu

Mimi ni fundi cherehani hapa Babati, na bila mpira wa miguu ningekuwa nimeshafunga kibanda. Sina timu ninayoishangilia. Ninashona jezi na kubandika namba mgongoni, basi. Vijana wa Maisaka wanakuja kumi na mmoja, kila mmoja anataka namba kumi, na nikiwaambia namba kumi ni moja wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetunga sheria. Vijana wa Bagara wakisikia wenzao wa Maisaka wameshonewa nyeusi, nao wanataka nyeusi, ila yenye mstari. Hivyo ndivyo ninavyokula. Lakini tangu nianze kazi hii, na nilianza nikiwa msichana, hakuna mtu aliyewahi kuja kwenye kibanda changu akaniambia, dada, nishonee fulana ya kukimbilia.

Nasema hilo kwa uchungu, sifichi. Ukienda mikoa mingine ukasema unatoka Manyara, mtu anakutazama miguu kwanza. Wanajua kwamba huku ndiko wanakotoka wakimbiaji. Na sababu wanazo tayari: milima, baridi ya asubuhi, maziwa, ugali. Mimi sababu hizo hunichekesha. Milima ipo mingi duniani na watu wake wamekaa tu. Na kama ni ugali, basi nchi nzima ingekuwa inakimbia.

Tulianza kukimbia kwa sababu ya mate. Aliyelelewa kwetu ataelewa hata bila kuelezwa. Bibi anakuita, anakupa chupa ukanunue mafuta ya taa dukani, halafu anatema mate chini kwenye vumbi na kukuambia yasikauke kabla hujarudi. Saa hakuna, filimbi hakuna, ni wewe na jua la kijijini kwetu Bonga la saa nane mchana. Unatimua mbio, chupa kwapani, unarudi umelowa jasho unamkuta amekaa palepale anaangalia chini. Kuna siku nilikuta mate mabichi kuliko nilivyoyaacha, nikagundua kwamba Bibi alikuwa akitema mengine nikishapinda kona. Niliona ni mapenzi hayo. Nilimpenda zaidi kwa sababu ya udanganyifu huo mdogo.

Huyu hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa bibi wa mwenzangu, msichana niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Nyumba yao ilikuwa kando kabisa ya barabara ya Dodoma, na yetu ilikuwa nyuma yake, tukitenganishwa na shamba la mbaazi. Mama yake mwenzangu alifariki mwenzangu akiwa bado anabebwa mgongoni, akalelewa na Bibi. Mimi nilikuwa na mama, tena mama mkali. Sote wawili tulitumwa na Bibi, sote wawili tulikimbilia mate yaleyale, na mpaka tunafika darasa la sita hakukuwa na mtoto Bonga wa kutufikia, awe wa kike au wa kiume.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na baiskeli na filimbi, na alikuwa mtu wa kuona mbali. Shule nzima ilitaka mpira. Wavulana walifunga matambara na mifuko ya nailoni kwa kamba za katani na kupiga mateke mpaka kucha ziondoke, na mwalimu akawaacha. Sisi wawili akatuambia tuwe tunafika barabarani alfajiri, yeye anakuja na baiskeli nyuma, tunakimbia kuelekea mjini mpaka tunaliona ziwa, tunageuka. Barabara ilikuwa bado ya vumbi wakati huo. Lori likipita ilibidi usubiri dunia irudi mahali pake.

Sasa hapo ndipo shida ilipoanzia, na kwa wasio wa kwetu itabidi niieleze. Kwetu mtu mzima hapitwi. Ukimkuta njiani unapunguza mwendo, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, na ukiwa umelelewa vizuri unaulizia na za nyumbani. Kumpita mkubwa kwa mbio huku umenyamaza ni kumwambia kwamba hujamwona, na kutomwona mtu ni tusi lisilo na faini. Barabara ya Bonga alfajiri imejaa watu wazima: wanaokwenda mashambani, wanaopeleka maziwa mjini, wanaoshuka na kuni kutoka upande wa mlima Kwaraa. Sisi tukawapita siku ya kwanza. Jioni yake mama alikuwa ameshapokea mashtaka matatu. Mmoja alisema binti yako ana kiburi. Wa pili alisema anapita watu kama anafukuzwa. Wa tatu, mzee wa kanisa, alisema tu kwamba haraka haraka haina baraka, akaenda zake, na huyo ndiye aliyemuumiza mama zaidi.

Mama hakunikataza kukimbia. Angenikataza ingekuwa afadhali. Aliniambia nikimbie ninavyotaka ila nisimpite mtu mzima bila salamu, na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na yeye hataki ulimwengu umsaidie kazi yake. Kwa hiyo mimi na mwenzangu tukagawana. Leo anasalimia yeye kwa niaba yetu, kesho nasalimia mimi. Anayesalimia anapunguza mwendo, anasema shikamoo, anasubiri, halafu anamfukuza mwenzake mpaka amfikie. Sijui kama kuna nchi nyingine yenye mazoezi ya namna hiyo. Nilijifunza kuongeza kasi baada ya kila marahaba, na kadiri miezi ilivyokwenda, zamu yangu ikifika nilikuwa namfikia mwenzangu kabla ya daraja dogo la kuingilia Bonga, na siku nyingine nampita. Yeye zamu yake ikifika hakunifikia. Tulicheka. Mimi nilicheka, sasa najua yeye hakucheka.

Tulipokuwa darasa la saba alikuja mgeni, mama mmoja mnene mwenye kofia, kutoka shule ya bweni ya wasichana ya mkoa mwingine. Alitafuta msichana anayekimbia. Mmoja. Alieleza mbele ya wazazi, chini ya bati la darasa letu, kwamba shule yao ingemsomesha msichana huyo mpaka kidato cha nne bila mzazi kutoa chochote, na kwamba huko kuna mwalimu wa riadha na uwanja wenye mistari. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuuliza swali mkutanoni, alinyoosha mkono kuuliza kama kuna na godoro. Mgeni akasema lipo. Nilimwona mama akikunja kitenge chake magotini taratibu, nikajua ameshanifungia safari. Kwetu watoto tulikuwa sita na baba alikuwa na shamba moja. Nisipopata shule ile, nilikuwa nakwenda kujifunza cherehani kwa shangazi.

Ilipangwa tukimbie kutoka mjini mpaka uwanja wa shule yetu Bonga, wasichana wanane. Mwalimu alifanya jambo la akili: Jumapili iliyotangulia alisimama kanisani baada ya matangazo, akawaomba wakubwa wote kwamba siku hiyo watoto wakipita wasidai salamu. Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza, sasa sisi tufanye nini wakipita? Mwalimu akamwambia apige makofi. Mzee akasema atajaribu.

Na kweli walijaribu. Siku ile walijipanga kando ya barabara kama watu wanaosubiri maiti, wametulia, hawajui mikono waiweke wapi, na tulipofika wakapiga makofi mawili matatu kwa aibu. Baadhi walisema marahaba wenyewe bila kusalimiwa, kwa mazoea. Tulikuwa mimi na mwenzangu mbele, wengine hatuwaoni tena. Kwenye daraja dogo nilimsikia anavyohema. Mtu ukikimbia naye miaka miwili unajua pumzi yake ikiisha. Mimi yangu ilikuwa bado ipo. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, naisema hivyo bila kutia chumvi, na nimeshazaa watoto watatu.

Baada ya daraja kuna kona, na baada ya kona kuna nyumba ya Bibi. Nilipopinda nilimwona amekaa katikati ya barabara. Kuni zimetawanyika, ngata yake imeviringika mpaka mtaroni, mkono mmoja ameushika kiunoni. Hakukuwa na mtu mwingine upande ule. Wote walikuwa wameshakwenda uwanjani kusubiri. Aliinua uso akaniita. Aliniita mimi. Alisema, "Mjukuu wangu, nishike mkono."

Nilisimama. Na kabla ya kufanya lolote nikasema shikamoo. Hilo hunichekesha na kuniliza mpaka leo, mtu yuko chini vumbini na mimi namwamkia. Akaitikia marahaba. Nikamwinua, nikakusanya kuni. Kamba ilikuwa nzima, fundo tu ndilo lililofunguka, nikalifunga upya na kulikaza kwa meno. Nikaokota ngata, nikamwekea kichwani, nikamtwika mzigo wake. Wakati huo mwenzangu alikuwa ameshatupita. Nilimwita. Niliita kwa sababu nilidhani hajamwona, maana ni bibi yake yeye, si wangu. Hakugeuka. Nilimwona kisogo kikipanda na kushuka, kikapotea nyuma ya miti ya shule.

Nilifika wa pili. Mwenzangu alikuwa ameshakaa chini, amezungukwa, anapewa maji. Mwalimu alisikia kilichotokea, akamwendea mgeni wakazungumza kando, na mgeni akasema ananisikitikia sana lakini mashindano ni mashindano. Mwenzangu alilia, akanikumbatia, akaniambia hakumwona Bibi, alikuwa amefumba macho kwa uchovu. Nilimwamini. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Na hapo nikaanza kusifiwa. Wale wale walioniita mwenye kiburi walikuja nyumbani mmoja mmoja kumpongeza mama. Mzee wa kanisa alinitaja siku ya Jumapili; alisema kuna ushindi wa miguu na kuna ushindi wa moyo. Mama alilia jioni ile jikoni, akidhani tutadhani ni moshi, na baadaye alikausha uso akasema amefurahi kunizaa. Basi nikajenga nyumba juu ya sifa hiyo. Nilikwenda kwa shangazi kujifunza cherehani nikiwa na kichwa juu. Kila nilipojichoma sindano nilijiambia, wewe ni yule uliyesimama. Kuna watu wana vyeti ukutani. Mimi nilikuwa na hilo.

Mwenzangu alikwenda bweni. Alikimbia miaka michache, sikuwahi kusikia jina lake redioni, akapata ajira, akaolewa mjini hukohuko. Hakurudi kuishi. Kila Krismasi aliweka kitenge kwenye basi kije kwa Bibi, nami ndiye niliyekuwa nakipokea stendi na kumshonea. Maana Bibi alibaki peke yake, na nani mwingine angemtazama? Nilijiona nimemchagua siku ile barabarani, na mtu uliyemchagua humwachi. Nilimchotea maji nikiwa msichana, nikamchotea nikiwa mja mzito, na mgongo uliponikataa nikawatuma wanangu. Nilimpikia uji, nilimpaka mafuta magotini, nilimshikia mkono kwenda chooni mwaka alioanguka kwelikweli. Kila asubuhi nikienda kibandani kwangu napita mlangoni kwake nasema shikamoo Bibi, naye anaitikia marahaba, mwanangu. Alianza kuniita mwanangu zamani sana, sikumbuki mwaka. Macho yake yameingia ukungu sasa, ananijua kwa mwendo.

Mwezi wa nane mwaka huu, Jumamosi mchana, tulikaa kibarazani kwake tukipukuchua mbaazi. Redio yake ndogo ilikuwa dirishani. Mtangazaji wa michezo alikuwa anawauliza wasikilizaji kwa nini majirani zetu wa Kenya wakikimbia dunia inasimama kuwatazama, na sisi wenye milima ileile tunabishana mpira kutwa, tena mpira wenyewe unatutesa. Watu walipiga simu. Mmoja alisema ni serikali. Mwingine alisema ni uvivu, watoto siku hizi wanapelekwa shule na bodaboda. Huyo nilikubaliana naye kidogo. Mwingine alisema mpira unakaa mbele yako dakika tisini, unaweza kuutazama umekaa na soda yako, lakini mkimbiaji anakupita mara moja na hujui hata alikokwenda. Huyo alikuwa na akili.

Nikamwambia Bibi kwamba wangenipigia mimi ningewaeleza vizuri. Ni salamu. Kwetu mtoto anafundishwa kukimbia kwa kutumwa, halafu akijua kukimbia anaambiwa hana adabu. Nchi nyingine mtu anapitwa na kupiga makofi, sisi tunapitwa na kwenda kushtaki kwa mama yake. Mchezo hauwezi kuota mahali ambapo watu hawakubali kupitwa. Nikamwambia kwa kutania, "Mimi mwenyewe nilikosa shule kwa sababu ya shikamoo yako."

Bibi alicheka. Alicheka mpaka ungo ukatikisika na mbaazi zikaruka.

"Si shikamoo," alisema. "Ni kuni."

"Kuni zilianguka kwa sababu ulianguka, Bibi."

"Sikuanguka. Nilikaa."

Nilidhani ni uzee. Nikaendelea kupukuchua. Lakini yeye alikuwa ameshaingia kwenye siku ile, na wazee wakiingia huko wanaona vizuri kuliko sisi. Alisema asubuhi ile mjukuu wake alimfuata jikoni kabla ya kwenda mjini, akampigia magoti. Akamwambia, yule ananipita, kila siku ananipita pale darajani, na leo atanipita. Akamwambia akae tu barabarani na kuni zake, baada ya kona, wakati watu wameshakwenda uwanjani. "Akaniambia, usiniite mimi, umwite yeye," Bibi alisema. "Yeye akikuona atasimama. Na kweli ukasimama. Tena ukaniamkia!"

Niliuliza swali moja tu, na sauti iliyouliza sikuifahamu. "Na wewe ukakubali?"

Aliacha kucheka. Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akapata goti langu.

"Wewe ulikuwa na mama," alisema. "Yule alikuwa na mimi tu. Ningefanyaje?" Halafu akaongeza, kama mtu anayekumbusha jambo linalojulikana, "Nilidhani ulijua. Kamba haikukatika. Ulifunga wewe mwenyewe."

Nilikuwa na maganda ya mbaazi mapajani. Nakumbuka niliyakung'uta kwenye ndoo moja baada ya jingine. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na mimi nimeisema mara nyingi juu ya watu wengine, kwa raha kabisa. Sikujua inavyouma ukiwa wewe ndiye mwenye nguo. Mwenzangu ningeweza kumwelewa. Alikuwa mtoto, alikuwa anaogopa, na mtoto anayeogopa hufanya mambo. Lakini huyu alikuwa mtu mzima. Huyu aliyetuhesabia mate ndiye aliyejua kuliko wote nani ana mbio. Alijua nitasimama kwa sababu alishiriki kunifundisha kusimama. Alichukua kitu kizuri nilichokuwa nacho akakitandika barabarani kama mtego, na baadaye akanywa uji wangu miaka zaidi ya ishirini na tano.

Na unajua nilifanya nini? Nilimaliza ungo. Aliomba maji nikampa. Nikafunika mbaazi, nikafunga redio, nikaaga kwa adabu zote, nikamwambia ubaki salama Bibi. Nilitembea mpaka katikati ya shamba la mbaazi ndipo nikagundua nimemuaga, na nikajichukia kwa kumuaga kuliko nilivyomchukia yeye.

Mume wangu nilimweleza. Ni mtu mwema. Alisema hayo mambo ya utotoni, yule ni bibi kizee, samehe. Samehe ni neno jepesi mdomoni mwa mtu ambaye hajaibiwa. Nikamwomba anisaidie kitu kimoja: nisamehe shule, au nisamehe zile sifa? Shule niliisamehe zamani, niliisamehe nikiwa mtoto, kwa shangazi, kwenye cherehani. Lakini sifa zile ndizo nilizokuwa naishi nazo. Mama yangu amekufa akiamini kwamba binti yake alisimama kumsaidia mtu aliyeanguka. Hakuna aliyeanguka. Binti yake alisimama kumtwika mzigo mtu aliyeuza nafasi yake, akalikaza na fundo kwa meno yake mwenyewe. Mume wangu akaenda kufunga mbuzi.

Namba ya simu ya mwenzangu ninayo, kwa ajili ya vitenge. Niliitoa, nikaitazama, nikairudisha mfukoni. Ningemwambia nini? Angeniambia alikuwa mtoto, na ingekuwa kweli. Lakini lililonikera zaidi nitalisema: hakuitumia. Kama angekuwa ameshinda dunia, kama siku moja ningesikia jina lake likitangazwa na wimbo wetu ukipigwa, ningelia kwa hasira lakini ningejua mbio zangu zimefika mahali. Amezikimbia miaka mitatu akaziacha, kama mtu aliyeiba mbegu akasahau kupanda.

Jumapili sikwenda kanisani. Jumatatu asubuhi nilitoka nyumbani kama kawaida, mkasi mkobani, jezi za vijana wa Maisaka kwenye mfuko begani, namba kumi zao tatu nilizokubali kuzibandika kwa kuchoka kubishana. Nilipita shambani nikatokea barabarani. Sasa ni lami, hakuna vumbi, na vijana wa bodaboda walikuwa wanawapakia wanafunzi watatu watatu. Mlango wa Bibi ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kizingitini, amevaa gauni la kitenge cha Krismasi iliyopita nililomshonea, uso ameuelekeza barabarani akisubiri.

Nilidhamiria kupita nikitembea. Nilipokaribia miguu ikakataa kutembea. Nilikimbia, mwanamke mzima, na mfuko wa jezi ukinipiga mgongoni, mbele ya bodaboda na watoto wa shule. Kijana mmoja alisimamisha pikipiki kuniuliza kuna msiba gani. Nilimpita Bibi karibu kabisa, hatua mbili kutoka kwenye kigoda chake, sikusema neno.

Nilikuwa nimeshafika kwenye kona nilipoisikia sauti yake nyuma yangu, ya kawaida kabisa, inaitikia salamu ambayo sikuitoa. "Marahaba, mwanangu," alisema.

Sikusimama.